Kilwa Ilianguka Kabla ya Mizinga Kulia

Waendao sokoni Tandale alfajiri wanajua jinsi gunia la mahindi linavyopita katika mikono mingi kabla halijafika chunguni. Mkulima amelitoa bara, dereva amelileta, kuli amelishusha kwa mgongo wake, na mwenye duka wa Manzese amekuja kulinunua. Lakini yuko mmoja asiyelima, asiyeendesha gari wala asiyebeba, naye hakosi chake kamwe. Huyo ni dalali. Yeye amesimama mlangoni, na kila kipitacho kinamwachia kitu.

Juma lililopita tulikuwa tumekaa na makuli wa soko hilo wakingojea lori lililochelewa, na kama ilivyo desturi ya watu wenye nafasi kidogo, ukazuka ubishi. Kijana mmoja, mzaliwa wa papo hapo Tandale, alikuwa akimtania mzee wa Kilwa kwamba kwao hakuna kitu ila magofu na pweza. Mzee akamjibu kwa utaratibu: "Mwanangu, sisi kwetu tulifua sarafu zetu wenyewe wakati hapa ulipokaa ni pori tupu." Kijana akacheka. "Si ninyi, mzee wangu. Waliofua ni Waajemi. Hata shuleni tulifundishwa hivyo." Mzee akatugeukia sisi: "Haya, ninyi watu wa magazeti, semeni basi!" Bahati mbaya lori likaingia, kila mtu akakimbilia kazi yake, na maneno yetu yakabaki kinywani. Twayaandika hapa, maana yule kijana hayuko peke yake katika fikira hizo.

Yako maandishi ya kale yaitwayo Habari za Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiarabu. Nakala yake moja Sultani Barghash wa Unguja alimpa balozi wa Kiingereza, John Kirk, mwaka 1877, na habari zinazofanana nazo ziliandikwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Humo yasemwa kwamba mwana wa mfalme wa Shiraz, Ali bin al-Hasan, alifika na majahazi, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenye kisiwa, aliyekuwa mtawala wa bara, alizipokea nguo zile, akahama. Baadaye akajuta, akarudi na watu wake kuua, lakini akakuta mkono wa bahari ambao zamani watu waliuvuka kwa miguu maji yakipwa umekwisha chimbwa, na hapakuwa na njia tena. Msomaji akikumbuke kivuko hicho, kwani tutarudi kwake.

Wengi huishia hapo, wakasema: basi, Mwajemi kaja, mji umezaliwa. Lakini wakisoma maandishi yale yale kwa makini wataona jambo ambalo mwandishi wake hakulificha. Wageni waliposhuka walimkuta kisiwani Mwislamu na watoto wake, jina lake Muriri wa Bari, na walikuta msikiti. Mtu hawezi kukuta msikiti mahali ambapo Uislamu haujafika! Na wachimbuzi waliofanya kazi Kilwa katika miaka ya 1960 chini ya Neville Chittick walithibitisha kwa jembe: watu walikuwa wakikaa pale tangu karne ya 9 hivi, wavuvi na wafua chuma, wenye vyungu vya udongo vya mikono yao, muda mrefu kabla ya sultani yeyote kutia jina lake katika sarafu.

Sarafu hizo zenyewe ni ushahidi mzuri. Ni vipande vidogo vya shaba, upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa yakaribiane kwa vina na jina lile. Za Ali bin al-Hasan zimeokotwa kwa wingi. Hazina tarehe, na kwa hiyo Chittick alimweka mfalme huyo karibu na mwaka 1200. Lakini mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 iliyofukiwa ardhini, na baadhi yake zina jina hilo hilo la Ali bin al-Hasan. Akiba hiyo ni ya karne ya 11. Hivyo wataalamu wengi siku hizi wanamrudisha nyuma zaidi kuliko Chittick alivyodhani.

Na Waajemi je, ni hadithi tupu? Wengine waliwahi kusema hivyo, nasi pia tulikaribia kuamini. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 80 wa zamani kutoka pwani ya Kenya na Tanzania, na baadhi yao ni wa Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kwamba mama za watu hao karibu wote walikuwa Waafrika, na kwa upande wa baba, wengi walikuwa na damu kutoka Uajemi, na kidogo kutoka Bara Hindi. Na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi mzee na kijana wote wawili walikuwa na sehemu ya haki. Mgeni alikuja kweli. Lakini alikuja nyumbani kwa mtu, akaoa, na watoto wake wakasema lugha ya mama yao, ambayo ndiyo hii tunayoiandika.

Sasa tujiulize: kwa nini Kilwa, wala si mahali pengine? Jibu liko katika upepo. Jahazi lililotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa, likauza, likanunua, likageuka na kusi kurudi kwao katika mwaka ule ule. Likitaka kwenda mbele zaidi, mpaka Sofala katika nchi ambayo leo ni Msumbiji, msimu ungelikatikia njiani. Na Sofala ndiko ilikotokea dhahabu, iliyochimbwa na watu wa nyanda za juu za Zimbabwe na kuteremshwa pwani. Kwa hiyo dhahabu ilipandishwa na vyombo vya pwani mpaka Kilwa, na nguo za Bara Hindi, shanga na sahani za kaure za China zikateremshwa Sofala kutoka Kilwa. Zamani biashara ile ilikuwa mikononi mwa watu wa Mogadishu. Watu wa Kilwa wakawapokonya. Tangu hapo kila aliyetaka dhahabu alipita forodhani kwao na kulipa.

Kwa ufupi, Kilwa ilikuwa dalali. Dhahabu haikuwa yake, na nguo nyingi za hariri na pamba hazikufumwa kwake. Kilichokuwa chake ni mlango. Hatusemi hivyo kwa kuidharau. Udalali wa namna hiyo wataka elimu ya nyota, ya bahari, ya mizani na ya lugha za watu, na mabaharia wa Kilwa walikuwa nayo. Lakini tusipolitambua hilo hatutafahamu kwa nini utukufu ule ulipanda upesi na kushuka upesi.

Ukoo wa kwanza, wa Washirazi, ulitawala mpaka kiasi cha mwaka 1277. Hapo al-Hasan bin Talut, wa ukoo wa Mahdali ulionasibishwa na masharifu wa Yemeni, alitwaa kiti kwa nguvu. Mjukuu wake, al-Hasan bin Suleiman, aliyetawala tokea mwaka 1310 hivi, ndiye aliyeifikisha Kilwa kileleni. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi.

Mtu akifika Kilwa Kisiwani leo na kutembea kuelekea mashariki mwa mji wa kale ataikuta kazi ya mfalme huyo juu ya jabali linaloitazama bahari: Husuni Kubwa. Ina vyumba zaidi ya 100, nyua kubwa, maghala, ngazi za kushukia ufukoni, na birika la kuogea lenye pembe nane. Jiwe lenye jina lake limechimbuliwa humo. Msikiti Mkuu nao ulipanuliwa katika zama zake na kutiwa kuba, na hapakuwa na jengo kubwa kama Husuni katika pwani yetu yote.

Tungependa wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu wayatazame majengo yale kwa macho ya ufundi. Matumbawe ya kuchonga yalikatwa ndani ya bahari, yakachongwa yangali laini, kwani yakikauka huwa magumu. Mawe ya ukuta yalichimbwa nchi kavu. Chokaa ilipatikana kwa kupanga kuni nyingi mno, kuweka mawe juu yake na kuyachoma mpaka yaungue. Boriti zilikatwa katika mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata shauri la upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya watu wakubwa ni virefu lakini vyembamba. Hesabu, ndugu msomaji, mikono iliyohitajika kwa vyumba 100. Ikulu hiyo haikumalizika hata siku moja. Mfalme alikufa, na mafundi wakaweka chini patasi zao.

Mwaka 1331 alifika msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, akaandika kwamba Kilwa ni mmoja wa miji mizuri kupita yote na uliojengwa vyema. Ajabu ni kwamba alisema nyumba zake ni za miti. Wako waliomcheka kwa neno hilo. Sisi hatudhani kwamba alikuwa kipofu; twadhani aliziona nyumba za wengi, ambazo hazikuacha magofu.

Huyo Ibn Battuta ndiye aliyetuachia kisa cha ukarimu wa mfalme. Siku ya Ijumaa Sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemeni alimwomba nguo alizozivaa. Sultani akarudi, akabadili mavazi, akampa zile zile. Watu wakastaajabu kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akazikomboa nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa 10, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kuonyesha wema wa watawala wa zamani. Sisi twakisoma na kuona watu 20. Msafiri hakuandika jina hata la mmoja wao. Tena msafiri huyo huyo aeleza walikotoka: Sultani alikuwa akifanya vita mara kwa mara juu ya watu wa bara, akiteka nyara, na kutenga sehemu moja katika tano kwa matumizi yaliyotajwa katika Kurani. Masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi kupokea sehemu yao. Zawadi ilikuwa zawadi kwa aliyeipokea. Kwa wale waliokaa ng'ambo ya mkono wa bahari, ambao kwa hadithi walikuwa wajukuu wa yule aliyelipwa nguo, ilikuwa ni moto katika vijiji vyao. Mtu asifiche jambo hili kwa sababu ya fahari ya kuba na sarafu. Kilwa ni urithi wetu pamoja na mema yake na mabaya yake.

Baba wa Zawadi alipofariki, ndugu yake Daudi alishika kiti. Alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mwombaji akija, Daudi humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutoa. Wageni wakakaa miezi, wakapata kidogo, wakaacha kuja. Ibn Battuta alilitaja kama bahili. Sisi twauliza kama hakuwa akisema kweli tupu. Kwani katika miaka hiyo ya kati ya karne ya 14 tauni kubwa iliua watu wasiohesabika kuanzia Misri mpaka Ulaya, na wako wataalamu wanaoona kwamba kiu ya dhahabu ilipopungua huko, hazina ya Kilwa nayo ilikauka. Husuni Kubwa iliachwa. Dalali hana shamba la kurudia soko likilala.

Mji haukufa. Katika karne ya 15 biashara ilirudi, Msikiti Mkuu uliokuwa umeanguka ukajengwa tena, na nyumba nzuri zikajengwa Songo Mnara. Lakini ndani ya nyumba ya utawala mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Masultani walibaki majina. Waliokuwa na nguvu ni maamiri na mawaziri, nao walimweka huyu na kumwondoa yule kadiri kila mmoja alivyoona ushuru wa Sofala utakavyomwangukia. Aliyejaribu kujitawaza mwenyewe bila kuwa wa ukoo alikataliwa na watu. Kwa hiyo wajanja walijifunza kutawala nyuma ya pazia. Mwisho alitokea Amir Ibrahim, ambaye Wareno waliandika kwamba alimwua Sultani Fudail na kukalia nafasi yake. Mkubwa wa Sofala, Yusuf, akasema hamtambui mnyang'anyi. Hapo mlango wenyewe ukang'oka bawaba, na hapakuwa bado na Mreno hata mmoja aliyefyatua mzinga Kilwa.

Mwaka 1500 ilipita merikebu ya Cabral. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu nyingi, akaitaka Kilwa ilipe kodi kwa Mfalme wa Ureno: mithkali 1,500 za dhahabu. Ibrahim alitishwa, akakubali, akatoa rehani mtu mmoja mkubwa wa mji, Muhammad Ankoni. Kisha, yasimuliwa, akakataa kumkomboa! Kwake ilikuwa njia rahisi ya kuondokana na mshindani. Ankoni ilimpasa atoe mali yake mwenyewe ili aponye roho yake.

Mtu aliyetendwa hivyo na wakubwa wake, je, atasimama ukutani kuwapigania? Julai 1505 Francisco de Almeida alipofika na majeshi yake, mji uliingiwa bila mapigano ya maana. Ibrahim alitoroka bara. Nyumba ziliporwa. Mjerumani mmoja aliyekuwamo katika msafara ule aliandika kwamba mji ulikuwa na watu 4,000 hivi, nyumba imara za mawe, michungwa, milimau na miwa. Wareno wakajenga ngome, wakamvika taji yule yule Muhammad Ankoni. Naye alitenda jambo lililowashangaza: aliomba mrithi wake asiwe mwanawe, bali mtoto wa Sultani Fudail aliyeuawa. Wengine wamemwita msaliti. Sisi hatumsafishi, maana alivaa taji kutoka mkono wa mvamizi. Lakini kati ya watu wote waliotajwa katika mkasa huu ndiye pekee tunayemwona akikumbuka haki ya mwingine. Mwaka uliofuata aliuawa, na watoto wa koo zile mbili wakaanza kugombea kiti kisicho na kitu. Dhahabu ya Sofala sasa ilikuwa chini ya ngome nyingine ya Wareno huko huko Sofala. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome ya Kilwa wakaenda zao. Hapakuwa na kitu cha kulinda.

Mwaka 1587 waliingia Wazimba, kundi la wapiganaji kutoka kusini. Padre wa Kireno, João dos Santos, aliandika kwamba waliua watu 3,000. Walikaa ng'ambo kwa miezi wasiweze kuvuka, mpaka mtu mmoja wa Kilwa alipokwenda kwao usiku na kuwaonyesha mahali pa kuvukia kwa miguu maji yakipwa, kwa ahadi kwamba jamaa zake wataokolewa. Ni ule mkono wa bahari ambao hadithi ya nguo ilisema umechimbwa. Baada ya kuuteketeza mji, mkuu wa Wazimba aliamuru mtu yule na jamaa zake watupwe baharini.

Tulirudi Tandale juzi, tukamsomea mzee sehemu ya haya, kijana naye akisikiliza huku amekaa juu ya gunia. Kijana hakuuliza habari za Waajemi tena. Aliuliza: "Ile dhahabu ya rehani ilikwenda wapi?"

Tulikuwa na jibu. Ilipelekwa Lisbon mwaka 1503, na Mfalme Manuel akaamuru sonara atengeneze kwayo chombo cha ibada kwa ajili ya monasteri ya Belém, chenye minara midogo na sanamu za mitume kumi na wawili. Kilimalizika mwaka 1506, na hata leo kimo katika jumba la makumbusho la Lisbon, ndani ya kioo. Chini yake yamechorwa maneno yasemayo kwamba mfalme huyo alikifanyiza kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Manuel limo, na jina la Kilwa limo. Jina la Muhammad Ankoni aliyeitoa halimo.